Gurudumu la Upande wa Mama Yako

Naliaka mama,

Begi lako liko mlangoni tangu asubuhi, na mama yako amelifungua na kulifunga hadi zipu imeanza kukwama. Mambo ya sweta, chakula cha njiani, kanisa na kupiga simu utayasikia kwake, kwa hivyo mimi nayaruka. Niko gereji. Ni Jumapili mchana, nimefunga geti, nimekalia kile kiti cha nyuma tulichokitoa kwenye gari lako la mazoezi ili liwe jepesi. Nimekuja kuandikia huku kwa sababu nyumbani siwezi kuyasema haya mama yako akinitazama. Na nikiwa mbele yako wewe, najua nitaishia kukutakia safari njema na kukuuliza kama umekula.

Kesho unapanda treni kwenda Nairobi kuendesha gari la mashindano la watu. Voi nzima inanipongeza. Jana kinyozi wa hapa Kaloleni alinisimamisha njiani akaniambia, "Mzee Simiyu, yule msichana anaendesha kama wewe kabisa. Ukifumba macho utadhani ni wewe." Nilimshukuru. Nilipopinda kona nikasimama, nikashika ukuta wa watu, maana alichosema ni kweli, na ndicho ninachokiogopa kuliko kitu chochote nilichobaki nacho.

Wewe umekua ukisikia neno ajali. Mama alipata ajali. Miguu ya mama iliharibika kwenye ajali. Shuleni uliandika hivyo, kanisani watu wanaomba hivyo, na mama yako mwenyewe akiulizwa na wageni husema hivyo kisha anawauliza kama wataongeza chai. Watu wazima wa mji huu wanajua vingine, lakini hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Aliyepaswa kufanya hivyo ni mimi.

Unajua nilizaliwa kwenye nyumba za reli hapa Voi, mtoto wa mtu wa Bungoma aliyeletwa na kazi. Mama yako alishuka kutoka Wundanyi kuja kuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza matrekta yao. Nilimpenda kwa sauti. Alikuwa akisoma majina ya wafanyakazi siku ya mshahara, asubuhi nzima, juani, watu wakigombana na kusukumana, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilipoanza kushindana na nikahitaji mtu wa kukaa kushoto kunisomea kona kutoka kwenye daftari kabla hatujazifikia, marafiki zangu walileta kaka zao na mabinamu zao. Mimi nilimleta Mghoi, mama yako. Walicheka mpaka tulipowashinda.

Sitaki uone nimekuwa dereva mbaya kwenye hadithi hii. Nilikuwa mzuri. Ningekuwa mbaya tungekuwa tumeshika nafasi ya nyuma siku ile, na nisingekuwa na sababu ya kukimbia.

Mashindano ya siku ile yalianzia hapa mjini, tukakata barabara za ndani za mkonge, halafu Maungu, ambako mafundi walikuwa wakingoja, kisha barabara ya kuelekea Kasigau na kurudi. Walikuwepo watu wa Nairobi na Mombasa na magari ambayo mimi niliyaona kwenye magazeti tu. Tulipotoka kwenye mkonge tulikuwa mbele yao wote. Wewe ulikuwa mdogo, umeachwa kwa nyanya yako Wundanyi.

Ilianzia humo kwenye mkonge. Mngurumo mdogo, wa chini, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Nikipinda kulia unapanda, nikipinda kushoto unatulia. Wewe ukisoma maneno haya tayari umeshajua ni nini, kwa sababu nilikufundisha ukiwa bado unavaa yunifomu ya shule ya msingi. Mimi pia nilijua. Mama yako hakujua, lakini alisikia.

"Baba Naliaka, gurudumu la upande wangu linalia."

"Ni mawe hayo."

Akasoma kona nyingine tatu, nne. Halafu akasema, "Mawe yameisha na bado linalia."

"Ni tairi. Wewe soma."

Akasoma. Usukani ukaanza kutetemeka kidogo mikononi mwangu. Nikaushika kwa nguvu zaidi, na kweli ukaacha kutetemeka, kwa hivyo nikajiambia imepona. Tumeishi muda mrefu na mashine mimi na wewe, mama. Umewahi kuona chuma kikipona?

Maungu tulipokelewa kama harusi. Akina mama walitoka kwenye vibanda na vijiko vya kukaangia mkononi, madereva wa malori walipiga honi, na kijana mmoja alipanda juu ya tangi la maji kutupungia. Fundi wetu alikuwa Mwakio. Unamkumbuka kwa mbali, yule mrefu aliyekuwa akikubeba mabegani. Mwakio hakupunga mkono. Alisikia gari likiingia, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele kushoto, akaweka kiganja karibu na katikati yake, akakiondoa upesi. Akatemea mate pale. Yakachemka.

"Breki hizo," nikasema. "Nimezitumia sana."

Mwakio akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Ungeona lilivyocheza. Lilikuwa linacheza kama jino la mtoto.

"Beringi ya gurudumu hili imekwisha, Simiyu. Hapa hamwendi mahali."

"Kubadilisha ni muda gani?"

Akaniambia. Ulikuwa muda wa kutupotezea uongozi wetu wote na zaidi. Ningetoka pale nikiwa wa kumi au wa kumi na mbili, nyuma ya watu niliowaacha kwenye vumbi, mbele ya mji wangu mwenyewe.

Mama yako alikuwa amesimama hapo, helmeti kwapani, uso umejaa vumbi jekundu isipokuwa palipokuwa na miwani. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mwakio. "Itatufikisha?"

Mwakio alinitazama. Alikuwa rafiki yangu, nilikuwa bosi wake, na gari lilikuwa langu. Alifungua mdomo, na mimi nikamjibia.

"Itatufikisha. Nitaendesha taratibu. Shusha jeki."

Akashusha.

Nimeyapitia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Kwa mama yako nilisema taratibu, na nilipokuwa nikisema nilikuwa nasema kweli. Nilitoka Maungu taratibu. Mngurumo ulikuwa umeshakuwa kitu kingine sasa, umekuwa kusaga, na mama yako alikuwa ameweka mkono wake wa kushoto kwenye mlango kama anayemtuliza ng'ombe. Tungefika. Naamini mpaka leo kwamba kwa mwendo ule tungefika, au gurudumu lingekufa polepole na tungesimama kando ya barabara tukanywa maji. Halafu nikaona vumbi kwenye kioo. Mmoja wao alikuwa nyuma yetu, na vumbi lake lilikuwa linakua.

Nikakanyaga mafuta. Injini ilipopanda ilifunika ile sauti, nikawa siisikii tena, na nikafurahi. Sikiliza hapo, mama. Nilifurahi kwa sababu nimepata kelele kubwa ya kutosha kunifichia.

Mama yako alisema, "Simiyu." Hakuwahi kuniita jina langu tangu ulipozaliwa. Mara moja tu, halafu kona ikafika, na kazi yake ilikuwa kuisoma, akaisoma. "Kulia, ndefu, inabana mwisho." Aliisoma vizuri kabisa. Kona ilikuwa kulia, ilikuwa ndefu, ilibana mwisho. Hakuna neno hata moja alilokosea siku ile.

Kwenye kona ya kulia uzito wote wa gari hulalia magurudumu ya kushoto. Sina haja ya kukueleza. Niliona gurudumu letu likitutangulia, likaingia vichakani peke yake, likirukaruka kwa furaha kama limefunguliwa kamba. Halafu usukani ukawa haushiki kitu, na gari likateleza upande wa kushoto mpaka kwenye ukuta wa mawe wa kalvati. Upande wa kushoto, mama. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa paji la uso.

Vumbi lilipotulia alikuwa macho. Aliniuliza, "Gari limesimama?"

"Limesimama."

"Basi nishushie miguu. Mbona umeipandisha juu namna hii?"

Miguu yake ilikuwa chini, pale pale ilipokuwa siku zote. Nikainama, nikaishika, nikamwambia, "Haya, nimeishusha." Akasema asante.

Sitaandika habari za hospitali. Ulikuja kutuona huko Mombasa na ulificha uso wako kwenye shingo ya nyanya yako, hilo utakuwa unalikumbuka. Nataka kukuambia kilichokuja baadaye. Watu wa kanisa, watu wa reli, ndugu zangu kutoka Bungoma, wajomba zako kutoka milimani, wote walikaa kwenye kochi letu wakasema ni bahati mbaya, gari ni chuma, chuma hakina rafiki. Na mama yako akasema, mbele yao, kwa sauti ile ile ya kusoma majina, "Ni beringi." Nilimwacha ainyanyue lawama, aiweke juu ya kipande cha chuma, na nikamshukuru kimoyomoyo.

Lakini ile beringi iliniambia. Ilinung'unika, ikatetemesha usukani, ikachemsha mate, ikacheza mkononi mwa fundi. Sijui kitu kingine chochote, mtu wala mashine, kilichowahi kusema nami waziwazi namna ile.

Ulipoanza kuja gereji na kuuliza hiki ni nini na kile kinafanya nini, nilifikiri nimepewa nafasi. Nilijiambia, huyu nitamfundisha kusikia. Nilikufunga macho kwa kitambaa nikawasha magari ukawa unataja: mkanda, pampu ya maji, vali. Ulikuwa unapatia hata pale ambapo mimi nilikuwa nakisia. Wenzako walikuwa wanacheza mpira, wewe ulikuwa umelaza sikio lako juu ya boneti. Nilikuangalia nikasema moyoni kwamba miguu ya mama yako imenunua angalau hiki. Miaka hii yote nimeishi kwa wazo hilo. Lilikuwa kama tonge la mwisho kwenye sahani.

Halafu akaja Bwana Kilonzo, mwenye ile timu ya Nairobi, kukuona ukiendesha.

Nilisimama naye kule nyuma ya Maungu, mwisho wa ile barabara ya udongo wa murram, yeye ameshika simu ya kupimia muda. Tulikuona kama vumbi, halafu kama sauti, halafu ukapita. Alitazama simu, akatikisa kichwa, akanishika mkono akasema, "Mzee, huyu nampeleka." Watu wakakurukia. Uliniangalia juu ya mabega yao, na sijawahi kuona uso wenye furaha kama ule, isipokuwa kwenye kioo cha gari langu nilipokuwa na umri wako.

Alipoondoka tulirudisha gari hapa gereji kwa lori. Nilivuta kijiti cha oili kwa mazoea tu. Kilikuwa kikavu, kimelowa kwenye ncha peke yake. Jiwe lilikuwa limepasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unakumbuka tulivyoongea, kwa sababu hatukuongea mengi.

"Taa ya oili iliwaka?"

"Ilikuwa inawaka kwenye kona tu, Baba. Kwenye nyoofu inazima."

"Tangu wapi?"

"Tangu nusu ya kwanza ya njia hivi." Ulikuwa unapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Na barabara ilikuwa imebaki kidogo. Ungetaka nisimame mbele ya Kilonzo?"

Tangu nusu ya kwanza. Kwenye kila kona injini ilikuwa inanyonya hewa badala ya oili, na taa ikakuambia, na wewe unajua kuliko msichana yeyote Kenya hii kwamba injini ikikwama katikati ya kona kwa mwendo ule, magurudumu ya mbele yanajifunga na huna tena gari la kuongoza. Ulijua. Ulisikia pia, maana ulikubali kwamba vali zilianza kugonga. Ulisikia, ukakanyaga.

Na mimi, baba yako, mtu pekee duniani aliyetakiwa kupiga yowe pale, nilisema nini? Nilisema, "Muda wako ulikuwa mzuri." Nikaziba sampu, nikajaza oili, nikafuta sakafu.

Jioni nilimweleza mama yako. Alikuwa anachagua pojo kwenye ungo, umelala mapajani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia nilichokuambia.

Akamimina pojo zote pamoja tena, zilizochaguliwa na zisizochaguliwa, akasema, "Basi tumemfundisha vizuri."

Nilimwomba akukataze. Nilipiga magoti kwenye ile simenti niliyoimwaga kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu. Nikamwambia, wewe ukisema neno moja Naliaka hataondoka, hawezi kukukatalia wewe. Alikataa. Alisema, "Akibaki kwa sababu yangu atakuwa ananitazama vile wewe unavyonitazama. Siwezi kutazamwa hivyo na watu wawili." Tangu siku ile sijui niweke wapi macho yangu ndani ya nyumba yangu.

Kuna mwaka Mwakio alikuja kutuona. Aliacha ufundi baada ya siku ile, sasa analima ndizi huko Mata karibu na mpaka. Alileta mkungu mzima. Mama yako alipolala, aliniambia kwamba kila akienda shambani anafikiri angeweza kulitoa lile gurudumu akalibingirisha kwenye miba. "Ungenipiga," akasema. "Ungenifukuza kazi. Lakini mimi nilishusha jeki." Nilimwambia si kosa lake. Hakunisikia, na mimi nisingetaka anisikie.

Kwa hivyo juzi, baada ya mama yako kukataa, nilifanya jambo ambalo unaweza usinisamehe. Nilimpigia simu Bwana Kilonzo. Nilimweleza kila kitu: taa, sampu, kijiti kikavu. Nilimwambia ule muda uliokupa nafasi ulipatikana kwa injini iliyokuwa inakufa na dereva aliyejua kwamba inakufa. Nilimwambia asikuchukue mwaka huu. Nilitaka kuharibu ndoto yako, mama, na nilitaka kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nalitupa gurudumu kwenye miba.

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, ni mtu mzuri. Alisema, "Mzee, hiyo ndiyo sababu nimemchagua. Madereva wa kusimama kwa sababu ya taa ninao tele." Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, wao wana mafundi. Nami niliwahi kuwa na fundi, fundi mzuri kuliko wote.

Nilishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata. Nilikuwa nimeamini kwamba nje ya nyumba yetu kuna mtu mzima mahali fulani, ambaye akiambiwa atasema hapana. Hayupo. Unakwenda kwa watu wanaokupenda kwa kitu kile kile kilichomvunja mama yako. Watakupigia makofi. Watakupa gari zuri zaidi, na gari zuri zaidi litakuonya kwa sauti ndogo zaidi.

Sina somo la kukupa ambalo hulijui. Huo ndio uchungu wangu. Baba wengine wanaandika barua kwa mtoto asiyejua, mimi namwandikia anayejua kila kitu. Nilidhani tatizo ni sikio, kumbe sikio langu lilikuwa zima siku ile. Kilichoharibika ni kwamba kila dalili ilipokuja niliipa jina jingine. Mawe. Tairi. Breki. Wewe ulisema, kwenye kona tu. Ukijisikia unaanza kuitafutia dalili jina la upole, mama, ujue umeshachelewa kidogo, na bado una nafasi kidogo.

Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya msichana atakayekaa kushoto kwako. Nilisema ana uso mzuri nikageuka kutafuta spana ambayo sikuihitaji. Sikukuuliza jina lake. Siwezi kuvumilia kulijua jina lake. Lakini siku gari lako litakapoanza kusema, yeye atasikia, na atakutazama. Atakuambia mara moja, pengine mbili, kisha kona itafika na ataisoma kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa, na ataisoma kwa usahihi, akikuamini.

Usimjibu. Ukimjibu utamdanganya, utakuwa na jibu zuri, sisi huwa na jibu zuri. Ondoa mguu tu. Simama kando, wote wakupite, wakutimulie vumbi mpaka usione kitu, Kilonzo akutoe kwenye timu, urudi Voi na watu waulize kimetokea nini. Nitakuja kukupokea stesheni na sitakuuliza chochote.

Ndilo ombi langu moja, na sina hakika utalifanya. Mimi, nikiwa na umri wako, na barua hii mfukoni, nisingelifanya.

Baba yako,
Simiyu